Anuwai za Korona na Mgonjwa Aliyelazwa Bunia: Maswali na Majibu

Swali: Anuwai ya kirusi ni nini?

Kirusi cha korona kinapojinakili ndani ya seli ya mwanadamu, makosa madogo hutokea katika vinasaba vyake. Mengi hayana athari yoyote, lakini machache huigeuza protini ya mwiba, yaani sehemu inayokiwezesha kirusi kujishikiza kwenye seli, na kizazi cha virusi kilichobeba mageuzi hayo na kuenea ndicho kinachoitwa anuwai. Tarehe 31 Mei 2021 Shirika la Afya Duniani lilizipa anuwai majina ya herufi za Kigiriki, ili nchi zilizozitambua kwanza zisinyanyapaliwe.

Swali: Je, daktari wa Bunia, mji mkuu wa mkoa wa Ituri mashariki mwa Kongo, anaweza kuitambua anuwai kwa kumtazama mgonjwa?

Hawezi. Anuwai hujulikana kwa kusoma vinasaba maabara, kazi ambayo nchini Kongo imebebwa hasa na INRB, taasisi ya utafiti wa tiba iliyoongozwa kwa miaka mingi na Profesa Jean-Jacques Muyembe. Dalili hutoa fununu tu: kupoteza uwezo wa kunusa kulikuwa kwa kawaida zaidi katika mawimbi ya mwanzo, ilhali Omicron, iliyoripotiwa kutoka kusini mwa Afrika Novemba 2021, huleta zaidi maumivu ya koo na mafua, na kwa kuwa hushambulia mapafu yenyewe kwa uchache, walioambukizwa wanaohitaji kulazwa wamekuwa wachache kuliko enzi za Delta, anuwai iliyoitangulia.

Swali: Kwa nini homa ya Ituri huchanganya waganga?

Korona ilipothibitishwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, Ituri ilikuwa bado ndani ya mlipuko wa Ebola uliotangazwa kumalizika tarehe 25 Juni mwaka huohuo, na malaria haikuwa imeondoka hata siku moja. Magonjwa yote matatu huanza kwa homa, uchovu na maumivu ya kichwa. Kosa la hatari ni kuridhika na kipimo cha malaria kilichotoka chanya, kwani wakazi wengi wa eneo hilo hubeba vimelea bila kuugua, na mgonjwa mwenye malaria anaweza pia kuwa na korona.

Swali: Ni ishara ipi ya kuchungwa zaidi wodini?

Ni oksijeni ya damu. Mgonjwa anaweza kuketi kitandani akizungumza na jamaa zake bila kulalamika, huku oksimita, kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni, ikionyesha asilimia 82. Mwinuko wa Bunia, unaozidi mita 1,200, hauwezi kueleza upungufu mkubwa hivyo. Kiwango kilicho chini ya asilimia 90, au pumzi zaidi ya 30 kwa dakika kwa mtu mzima, huashiria ugonjwa mkali, na pumzi hizo huhesabiwa kwa dakika nzima bila kukisia. Kuzorota huko hutokea mara nyingi katika wiki ya pili, wakati familia imeanza kuamini kwamba hatari imepita. Wazee, wenye kisukari na wenye shinikizo la damu ndio walio hatarini zaidi.

Swali: Je, matibabu hutofautiana kwa kila anuwai?

Kwa msingi wake, hapana. Oksijeni hubaki kuwa dawa ya kwanza. Deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe wa ndani, ilionyeshwa na utafiti wa Uingereza Juni 2020 kupunguza vifo kwa thuluthi moja miongoni mwa waliosaidiwa kupumua kwa mashine na kwa humusi moja miongoni mwa waliopewa oksijeni, lakini haikumfaa asiyehitaji oksijeni. Kwa hiyo kuinunua dukani na kuimeza nyumbani ni kujidhuru.

Swali: Kipi kinaamua nani atapona?

Utafiti uliochapishwa Mei 2021 kuhusu hospitali 64 za nchi kumi za Afrika, Kenya ikiwamo, ulionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa mahututi wa korona walifariki ndani ya siku 30, na ukahusisha vifo hivyo na uhaba wa vifaa. Mashine ya kuzalisha oksijeni huchuja hewa ya kawaida, na umeme ukikatika husimama. Viongozi wa afya wa Ituri wanaombwa kutanguliza oksijeni na umeme wa uhakika wodini, na kila familia, pamoja na zile zinazoishi katika kambi za waliohamishwa na vita, impeleke hospitali mapema mgonjwa anayepumua kwa kasi, bila kusubiri jina la anuwai.