SOMO LETU: NYUZINYUZI NA MAFUTA YA NGURUWE



Katika nyumba nyingi za Bungoma na Kitale, karo ya mtoto imo ndani ya banda la nguruwe. Tukimlisha vibaya, anayefukuzwa shule ni mtoto. Leo tusome juu ya nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ngumu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuimeng'enya yote.

1. Nyuzinyuzi hufanya kazi gani?
Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne, kwa hiyo majani ndiyo ugali wake. Nguruwe ana tumbo moja kama sisi. Nyuzinyuzi hupita mpaka utumbo mpana. Huko vijidudu huzichachusha, naye hupata nguvu kidogo tu. Hivyo anashiba, anatulia, choo kinakuwa laini, na mafuta hayarundikani.

Hata mwani unaolimwa Zanzibar na Kibuyuni, Kwale, una nyuzinyuzi. Nyingine zikilowa huvimba kama uji mzito. Katika majaribio kadhaa, panya waliolishwa nyuzinyuzi hizo pamoja na chakula cha mafuta walinenepa kidogo kuliko wenzao. Lakini mwani una chumvi nyingi, tena Pwani ni mbali. Sisi tuna marando ya viazi vitamu hapa shambani.

2. Nani apewe kiasi gani?
(a) Jike mwenye mimba. Hubeba miezi 3, wiki 3 na siku 3. Kwa vile mahindi ni mengi Trans Nzoia, tunashawishika kumjazia. Akinona kupita kiasi huzaa kwa shida, hali vizuri akinyonyesha, na huweza kuwalalia watoto. Mpe kilo 2 hadi 2.5 za chakula cha kuchanganywa kwa siku, na marando juu yake.
(b) Anayenyonyesha. Ongeza chakula chenye nguvu. Maziwa hayatoki kwa majani peke yake.
(c) Watoto walioachishwa. Tumbo lao ni dogo. Wakijazwa majani wanashiba lakini wanadumaa.
(d) Wa kuuza. Mahindi matupu yana wanga mwingi na protini kidogo, basi mafuta hujaa mgongoni na mnunuzi hukata bei. Changanya na pumba na omena, majani kiasi.

3. Tuangalie nini?
Bonyeza nyonga ya jike kwa kiganja. Mfupa ukionekana kwa macho, amekonda: ongeza chakula. Ukibonyeza sana usiuguse, amenona: punguza mahindi, ongeza marando. Katakata marando, anza kidogo kidogo, na maji safi yasikosekane. Nyuzinyuzi bila maji hufunga choo.

Maswali ya kujadiliana kikundini
1. Je, nguruwe wetu wote wanakula chakula kimoja? Nani anaumia?
2. Ni majani gani tunayotupa shambani ambayo jike mwenye mimba angekula?
3. Kabla ya kukutana tena, kila mmoja ampime jike wake kwa kiganja, halafu atueleze.