Alama ya Kutoa Katika Vipimo vya Volti: Somo Kutoka Foleni ya Malori Tunduma

Mjini Tunduma, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam na reli ya TAZARA huingia Zambia, malori ya mizigo hupanga foleni yakingoja kuvuka mpaka, na mafundi umeme wa magari hawakosi kazi. Lori kubwa hutumia umeme wa volti 24, utokao katika betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo. Redio nyingi za magari huhitaji volti 12. Basi dereva anayetaka kujiliwaza huomba redio yake ipewe umeme wa betri moja tu.

Na tuchukue kwamba fundi ameichagua betri ya juu. Anaweka waya mwekundu wa mita kwenye ncha chanya ya betri hiyo, na mweusi kwenye kiungo cha kati. Mita inaonyesha 12. Redio inafungwa, nayo inaimba vizuri. Kisha waya wa antena unachomekwa. Cheche zinaruka, na ganda la waya huo linaanza kutoa moshi. Mita haikudanganya. Swali ambalo halikuulizwa ni hili: volti 12 kutoka wapi hadi wapi?

Volti hupima tofauti baina ya mahali pawili, kama vile kimo. Mtu ateremkaye kutoka Tunduma hadi Ziwa Rukwa, akihesabu kimo kuanzia Tunduma, ataandika kimo cha ziwa kwa alama ya kutoa. Lakini ziwa hilo haliko chini ya bahari. Liko takriban mita 800 juu ya usawa wake. Alama ya kutoa imetokana na mahali alipoanzia kuhesabu. Mita ya umeme hufanya vivyo hivyo: huchukua volti za mahali penye waya mwekundu, ikaondoa volti za mahali penye waya mweusi. Nyaya zikibadilishana mahali, tarakimu hubaki ile ile na alama hugeuka.

Kanuni hiyo ndiyo inayotumika katika programu za kompyuta za kuigiza saketi. Nyingi kati ya hizo zimefuata mfano wa SPICE, programu iliyotokea mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa kazi ya Laurence Nagel chini ya uongozi wa Donald Pederson. Humo kila mahali nyaya zinapokutana huitwa nodi, na nodi moja lazima iwe namba 0, yaani ardhi. Mwanafunzi akigusa nodi moja tu, programu huchukulia kwamba waya mweusi umo katika nodi 0. Akitaja nodi mbili, ya pili huondolewa katika ya kwanza.

Saketi ya lori yaweza kuchorwa hivi. Bodi ya lori, ambayo imeungwa na ncha hasi ya betri ya chini, iwe 0. Kiungo cha kati kiitwe B, na ncha ya juu kabisa A. Programu itatoa volti 12 kwa B na 24 kwa A. V(A,B) ni 12, na V(B,A) ni −12. Ardhi ikihamishiwa B, A itakuwa 12 na bodi itakuwa −12, lakini tofauti ya A na bodi itabaki 24. Wanafunzi wengi wakiona −12 huifuta alama wakidhani wamekosea. Kwa kuifuta wanapoteza nusu ya jibu. Land Rover nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziliunga ncha chanya ya betri kwenye bodi. Waya wa taa zake, ukipimwa kutoka kwenye bodi, ulisoma −12, na taa ziliwaka kama kawaida.

Mkondo nao una mtego wake. Rezista ya omu 12 ikiungwa baina ya A na bodi hupitisha ampia 2, lakini SPICE huandika kwamba mkondo wa betri ni −2. Programu hiyo huhesabu mkondo ndani ya betri kutoka ncha chanya kwenda hasi, ilhali betri inayotoa nguvu hufanya kinyume. Hata rezista ikigeuzwa kichwa chini katika mchoro, alama ya mkondo wake yaweza kugeuka.

Sasa turudi kwenye redio. Ganda lake la chuma limeungwa na ncha yake hasi, na ncha hiyo iko B. Katika programu, waya mwekundu ukiwekwa kwenye ganda na mweusi kwenye bodi ya lori, jibu ni 12. Hapo ndipo hatari ilipokuwa. Kikoba cha nje cha waya wa antena hugusa bodi. Kikiungwa na ganda la redio, betri ya chini inapigwa shoti. Ukinzani wa njia nzima ukiwa omu 0.05, mkondo ni 12 ÷ 0.05, yaani ampia 240. Yafaa kukumbuka kwamba programu haitatoa onyo iwapo mchoraji hakuuchora waya wa antena.

Kuitumia betri ya chini huondoa hatari hiyo, lakini huleta nyingine iendayo polepole: alteneta huzichaji betri zote mbili kwa mkondo mmoja, hivyo ya chini hubaki na njaa na ya juu huzidishiwa. Dawa inayofaa ni kifaa cha kushusha volti 24 hadi 12, ambacho ncha yake hasi imeungwa na bodi.

Shule isiyo na kompyuta yaweza kulifanya somo hili kwa betri mbili za tochi za volti 1.5 na mita ya tarakimu. Wanafunzi waziunge kwa mfululizo, waziite nodi tatu A, B na C, kisha waandike vipimo vyote sita pamoja na alama zake kabla ya kuigusa mita.