Sala ya Msafiri wa Eropleni: Yatazamwa Masafa, si Saa

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Jua, ewe ndugu yangu Mwislamu, ya kuwa ruhusa ya kupunguza sala safarini imo katika Suratun-Nisaa, aya ya 101. Lakini ruhusa hii ina mpaka, na mwenye kupunguza kwa kusudi pasipo pahali pake, sala yake haikusihi.

Mpaka huo katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi ni marhala mbili, nazo ni farsakhi 16, yaani maili 48 za Kihashimi. Wengi katika wanavyuoni wa zama hizi wamezikadiria kuwa ni kilomita 81 au zaidi kidogo.

Suali: Mtu arukaye kutoka Unguja hata Mombasa hufika kwa muda upungukao saa moja, wala haoni taabu. Je, apunguze?

Jawabu: Naam, ana ruhusa. Baina ya viwanja viwili hivyo ni takriban kilomita 247, nazo zimeupita mpaka mara tatu. Haya si mapya: Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, amempa ruhusa hii msafiri wa baharini hata akiyamaliza masafa kwa kitambo kidogo, na hewa twaikisia juu ya bahari.

Suali: Na arukaye kutoka Dar es Salaam hata Unguja?

Jawabu: Huyu hana ruhusa. Masafa yake ni takriban kilomita 73, hayakufika marhala mbili. Basi Adhuhuri ataisali rakaa nne. Wala asiseme, "Kwenda na kurudi ni kilomita 146," kwani kurudi hakuhesabiwi pamoja na kwenda. Lakini akiwa tangu mwanzo amekusudia Pemba, na Unguja ni njia tu, safari yake ni takriban kilomita 198, naye hupunguza.

Kisha jua ya kuwa safari haianzi kwa kukata tikiti, bali kwa kuyapita majumba ya mji. Mtu wa mjini angojaye ndege kiwanjani, na majumba yameungana toka kwake hata hapo, hajawa msafiri bado, atatimiza. Na apunguzaye anuie hivyo katika takbiri ya kuhirimia, wala asimfuate imamu atimizaye. Na aliyenuia kukaa alikokwenda siku nne kamili, pasipo siku ya kuingia na ya kutoka, hutimiza tangu afikapo.

Basi, ndugu yangu, kabla ya kupanda uliza masafa, usiulize saa. Ndege ni nyepesi, na dhima ya sala ni nzito.

Wallahu aalam.