Je, Mchezo wa Vita wa Mtandaoni Unahitaji Kampeni ya Mchezaji Mmoja? Mfano wa Titanfall na Titanfall 2

1. Swali lenyewe

Katika vitivo vya lugha tumezoea kuuliza maswali ya usimulizi tunaposoma riwaya, ngano na tamthilia. Michezo ya video tunawaachia wenzetu wa informatiki. Naona hapo tunajinyima. Kuna swali moja ambalo watengenezaji wa michezo ya vita wamelijibu kwa njia zinazopingana kwa zaidi ya miaka ishirini, nalo ni swali letu kabisa: mchezo ambao watu hupigana wao kwa wao kupitia intaneti, je, uongezewe hadithi ya kuchezwa na mtu mmoja, au uachwe ulivyo?

Kwanza tuelewane juu ya istilahi. Nikisema «mechi» nina maana ya pambano fupi la mtandaoni kati ya wachezaji walio hai, ambalo likiisha matokeo huonyeshwa na watu huanza upya. Nikisema «kampeni» nina maana ya mfululizo wa misheni zinazochezwa na mtu mmoja, zenye wahusika, msuko, mwanzo na mwisho, ambamo maadui wote huendeshwa na kompyuta.

Mwaka 1999 michezo miwili mashuhuri, Quake III Arena na Unreal Tournament, ilitoka bila kampeni ya namna hiyo. Aliyecheza peke yake alipewa mechi zilezile dhidi ya kompyuta. Tangu hapo mjadala haujafungwa. Jibu nitakalolitetea katika makala haya ni hili: kampeni iongezwe pale tu inapoweza kusema jambo ambalo mechi haiwezi kulisema. Na jambo hilo, kabla ya kuwa la biashara, ni la lugha. Nitatumia mfano wa michezo miwili ya kampuni moja, Respawn Entertainment, kwa sababu wa kwanza ulitoka bila kampeni ya mchezaji mmoja na wa pili ukatoka nayo. Ni nadra kupata ulinganisho ulio wazi hivyo.

2. Titanfall ya 2014: hadithi isiyosikilizwa

Titanfall ilitoka Machi 2014. Mchezaji ni rubani anayekimbia juu ya kuta na kuruka mara mbili angani, na baada ya muda anaita kutoka mbinguni mashine kubwa ya vita inayoitwa Titan, kisha anaingia ndani yake. Mchezo ulikuwa wa mtandaoni tu. Hata hivyo watengenezaji hawakutaka kuiacha hadithi kabisa. Waliiweka ndani ya mechi zenyewe: pande mbili, IMC na Militia, zinapigania sayari za mbali, na wakati wachezaji wanapigana, sauti za makamanda zinasikika redioni na nyuso zao zinatokea katika kona ya skrini.

Tuitazame hali hii kwa macho ya mwanafunzi wa fasihi simulizi. Fanani yupo na anasimulia. Hadhira ipo pia, lakini kila mmoja anakimbia ili asiuawe. Hakuna anayeitikia. Zaidi ya hayo, hadithi iliendelea vilevile, ushinde au ushindwe, kwa sababu isingewezekana kuandika njia tofauti kwa kila matokeo. Kwa hiyo tendo la mchezaji halikuwa na uzito wowote katika msuko. Msimulizi alisema lake, mchezaji akafanya lake, na mwisho wa mechi walikuwa hawajakutana.

Wapo wanaosema kwamba hapo ndipo ilipothibitishwa kuwa mchezo wa mtandaoni hauhitaji hadithi. Mimi nasoma ushahidi huo kinyume. Kilichothibitishwa ni kwamba hadithi haiwezi kubandikwa juu ya mechi kama tangazo juu ya ukuta. Inahitaji mahali pake.

3. Titanfall 2: kutoka «i-» kwenda «a-»

Mwezi Oktoba 2016 ilitoka Titanfall 2, safari hii ikiwa na kampeni ya saa tano au sita. Jack Cooper ni askari wa kawaida wa Militia ambaye bado hajawa rubani. Nahodha Lastimosa, aliyekuwa akimfundisha, anauawa katika sayari ya Typhon, na kabla ya kufa anamkabidhi Titan wake, BT-7274. Wawili hao, mtu na mashine, wanapaswa kuitimiza misheni iliyoachwa.

Nilipojaribu kuwasimulia wenzangu wa promosheni michezo hii miwili kwa Kiswahili, niliona jambo ambalo Kifaransa na Kiingereza havikuwa vimenionyesha. Nikizungumzia mechi nasema: «Titan yangu imelipuka, nitaita nyingine.» Nikizungumzia kampeni nasema: «BT ameumia, BT amejitoa mhanga.» Upatanisho umebadilika bila mimi kukusudia. Katika mechi, Titan ni kitu, ni silaha kama bunduki, nayo inakaa katika ngeli ya i-/zi-. Katika kampeni, chuma kilekile kimepewa a-. Ngano zetu zinalijua jambo hili: jiwe au mti ukianza kusema na kutenda, mara nyingi msimulizi humpa upatanisho wa kiumbe hai, na hadhira haishangai.

Ni nini kinachosababisha mabadiliko hayo? Kwanza, katika mechi Titan moja hufuatiwa na nyingine, hivyo hakuna anayeililia. Katika kampeni BT ni mmoja tu. Pili, BT anazungumza, na mara kwa mara mchezaji anapewa majibu mawili achague moja. Majibu hayo hayabadilishi msuko, ila yanajenga uhusiano. BT huichukua misemo ya Cooper neno kwa neno, kama mtu aliyejifunza lugha kwa kamusi peke yake, na kichekesho kinatoka hapo. Tatu, BT anaongozwa na kanuni tatu: kuungana na rubani, kuitimiza misheni, kumlinda rubani. Tunazisikia mapema kama maelezo ya kiufundi. Mwishoni, BT anapojitoa ili Cooper aokoke, kanuni ya tatu imekuwa ahadi kati ya wawili. Maneno ni yaleyale, maana imekua. Badiliko la namna hii linadai muda na kumbukumbu, na mechi ya dakika kumi haina nafasi ya vyote viwili.

4. Nyakati za vitenzi

Sikiliza lugha ya wachezaji wakiwa ndani ya mechi: «Yuko kulia!», «Rudi!», «Nalipuka!», «Njoo hapa!» Ni wakati uliopo na hali ya kuamuru, basi. Si kasoro. Ni lugha ya kazi, kama ya wavuvi wanaovuta wavu au ya wapakuaji wa lori. Lakini ni lugha isiyo na «-li-» ya mbali wala «-ngali-». Hakuna anayesema katikati ya mechi: «Kama nahodha asingalikufa...»

Kampeni inafungua nyakati hizo. Mfano bora ni misheni inayoitwa Effect and Cause. Cooper anapata kifaa mkononi kinachomrusha, kwa kubonyeza kitufe kimoja, kati ya jana na leo ya jengo lilelile. Leo jengo ni magofu yenye moto na wanyama wakali. Jana lilikuwa kituo cha utafiti kilichojaa walinzi. Mahali ambapo leo moto umeziba njia, jana palipitika. Mchezaji anaruka akiwa katika «-na-» na kutua akiwa katika «-li-». Ni somo la njeo linalochezwa kwa vidole.

Hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Misheni hiyo isingewezekana katika mechi ya kawaida. Ukiwa na watu kumi na wawili katika uwanja mmoja, huwezi kuupeleka uwanja wote jana kwa ajili ya mmoja wao na kuwaacha wengine leo. Wakati, katika mechi, ni mali ya wote. Katika kampeni, wakati ni wa msimulizi na wa mchezaji wake mmoja. Kwa hiyo kampeni haikuwa pambo. Ilisema jambo ambalo mechi isingeweza kulisema.

5. Hoja za wanaopinga

Wanaopinga wana hoja nzito, na si haki kuzipita haraka.

Hoja ya kwanza ni gharama. Kampeni inadai waandishi, waigizaji wa sauti na wachoraji, na kila saa yake huchezwa mara moja, wakati uwanja mmoja wa mechi huchezwa mara elfu. Mwaka 2018 Call of Duty: Black Ops 4 ilitoka bila kampeni kwa mara ya kwanza katika mfululizo wake mkuu, na nguvu ikaelekezwa kwenye mapigano ya mtandaoni. Mwaka uliofuata, Modern Warfare iliirudisha kampeni. Tom Clancy's Rainbow Six Siege ilitoka mwaka 2015 bila kampeni ya kawaida, na imeishi miaka mingi kwa mechi peke yake. Kwa hiyo hakuna sheria kwamba bila kampeni mchezo hufa.

Hoja ya pili: kampeni haihakikishi mauzo. Titanfall 2 ilisifiwa sana, lakini ilitolewa wiki moja baada ya Battlefield 1 na wiki moja kabla ya Call of Duty: Infinite Warfare, na mauzo yake hayakufikia matarajio ya mchapishaji. Nakubali. Lakini hapo soko limetueleza habari za kalenda, halijatueleza thamani ya masimulizi.

Hoja ya tatu: kampeni hutumiwa kama dawa ya ugonjwa usio wake. Star Wars Battlefront ya 2015 ililaumiwa kwa kukosa kampeni. Star Wars Battlefront II ya 2017 ikaileta, lakini hasira ya wachezaji iliwaka juu ya masanduku ya kulipia yaliyogusa maendeleo ya mchezaji katika mechi. Hadithi haikuweza kuituliza. Na Overwatch inatuonyesha hatari ya ahadi: mwaka 2019 Overwatch 2 ilitangazwa pamoja na sehemu kubwa ya misheni za hadithi za kuchezwa kwa ushirikiano, na Mei 2023 watengenezaji wakasema kwamba sehemu kuu ya mpango huo imefutwa. Ahadi ni deni. Kuliko kuahidi riwaya na kutoa kurasa tatu, ni heri kunyamaza.

Hoja hizi zinanifanya niweke masharti. Hazinifanyi nibadili jibu.

6. Seva ikizimwa

Linabaki jambo ambalo kwetu sisi wasomaji wa matini ni zito kuliko mengine. Mechi inahitaji seva, na seva ni nyumba ya kupanga. Titanfall ya kwanza, baada ya muda mrefu wa malalamiko juu ya mashambulizi dhidi ya seva zake, iliacha kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2021. Kwa kuwa haikuwa na kitu cha kuchezwa peke yako, siku seva zake zitakapozimwa hakutabaki cha kufungua. Kampeni ya Titanfall 2 haitegemei wachezaji wengine wawepo. Anayetaka kuichambua miaka ishirini ijayo atakuwa na kitu mbele yake.

Tunalijua tatizo hili kutoka fasihi simulizi. Utendaji hupita, na kinachobaki ni kile kinachoweza kusimuliwa tena. Ngano hubaki kwa sababu ina msuko unaobebeka. Mechi nzuri ya jana usiku huweza kusimuliwa na waliokuwepo tu, na kwa waliokuwepo tu.

Lakini sharti moja ni la lazima: kampeni isifungwe kwenye seva. The Crew, mchezo wa magari wa mwaka 2014, ulikuwa na hadithi, lakini ulidai intaneti hata kwa anayecheza peke yake. Seva zilipozimwa tarehe 31 Machi 2024, hadithi nayo ilitoweka. Hiyo ni sawa na kitabu kinachojifunga mwandishi anapohama mji.

Kwa msomaji wa hapa Kongo hili si la nadharia. Mega za intaneti ni ghali, seva ziko mbali, na umeme ukikatika katikati ya mechi, mchezaji amepoteza mechi na amewaharibia wenzake. Kampeni isiyohitaji mtandao humngojea pale alipoiachia.

7. Hitimisho na kazi inayotungojea

Narudi kwenye swali. Ndiyo, mchezo wa vita wa mtandaoni uongezewe kampeni, kwa masharti matatu: kampeni itumie vitenzi vilevile vya mechi (kukimbia, kuruka, kuita) ila iviweke katika nyakati na uhusiano ambao mechi haina, iweze kuchezwa bila seva, na iwe ndogo iliyokamilika kuliko kuwa kubwa ya ahadi. Mtengenezaji asiyeweza kuyatimiza haya afanye mechi nzuri na aishie hapo.

Kwa kitivo chetu kuna faida moja zaidi. Kampeni ndiyo sehemu ya mchezo yenye maneno mengi, na maneno hutafsiriwa. Titanfall 2 haina Kiswahili. Wengi wetu huicheza kwa Kifaransa. Ndugu wanafunzi wa tafsiri, hebu tuijaribu kazi hii: BT anaichukua misemo neno kwa neno. Cooper wa Kiswahili atasema nini ili mashine imwelewe vibaya na sisi tucheke? Akimwambia BT apige moyo konde, BT atauliza moyo wake uko wapi na konde irushwe kwa nguvu kiasi gani. Tafsiri sisisi ya Kiingereza haitatufikisha hapo. Tutalazimika kuitafuta misemo yetu yenyewe ambayo, ikisikiwa neno kwa neno, inageuka kichekesho. Hiyo ni kazi ya semina nzima, na matini yake ipo, kwa sababu kuna watu waliokubali kwamba mchezo wa wengi ulihitaji pia hadithi ya mmoja.