Leseni ya Bunduki si Leseni ya Kuwinda

Kila mwezi Julai unapokaribia, msimu wa uwindaji unapofunguliwa nchini, wapo wananchi wanaodhani kuwa mwenye bunduki iliyosajiliwa anaruhusiwa kuwinda. Dhana hiyo ni ya hatari. Silaha husajiliwa na Jeshi la Polisi. Uwindaji husimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Mwindaji hutakiwa kuwa na leseni zote mbili.

Leseni ya uwindaji hutaja aina ya mnyama, idadi, eneo na muda. Aliyeruhusiwa swala pala mmoja akiua wawili, yule wa pili ni nyara ya Serikali, na nyama yake inaweza kumfikisha mahakamani kwa kosa la uhujumu uchumi. Twiga, alama ya Taifa, hawindwi.

Hivyo, kabla ya kuomba, mwananchi anashauriwa kufika kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya akiwa na kitambulisho na leseni ya silaha, aulize wanyama na maeneo yaliyoruhusiwa, kisha alipe ada kwa namba ya malipo ya Serikali na kutunza stakabadhi yake.