Kwa Nini Mtupaji wa Kikapu Anahitaji Mpinzani Mazoezini

Pete ya kikapu ina kipenyo cha sentimita 45. Mpira unaotumiwa na wanaume una kipenyo cha sentimita 24 hivi. Ukiudondosha wima katikati ya pete, unabakiwa na nafasi ya sentimita kumi kila upande. Lakini mpira hauji wima. Unakuja kwa mshazari, na pete ikitazamwa kwa mshazari si duara tena, inakuwa kama yai linalozidi kubanwa kadiri mpira unavyokuja chini chini. Mpira ukiingia kwa nyuzi 45, upana unaoukuta ni kama sentimita 32. Ukiingia kwa nyuzi 32, upana umebaki sentimita 24, yaani mpira wenyewe na basi. Ndiyo maana kocha hachoki kumwambia mtupaji aupandishe mpira juu.

Hayo mchezaji anaweza kujifunza peke yake, asubuhi, uwanja ukiwa mtupu. Mkono huzoea, goti huzoea, mpira huanza kuingia mfululizo. Mbona basi mtupaji yuleyule akiwekewa beki anakosa? Watu wengi husema ni woga, au hana moyo wa mechi. Mimi naona tumhesabie muda kwanza kabla ya kumhukumu.

Tuseme umepokea pasi na beki yuko mita 3 kutoka kwako. Akikimbia mita 5 kwa sekunde, atakufikia kwa sekunde 0.6. Ongeza sekunde 0.2 hivi, ambazo mwili wa binadamu huhitaji ili kuanza kuitikia kile jicho limeona. Una sekunde 0.8, na beki mjanja anakupunguzia hata hizo kwa kuanza kukimbia mpira ungali hewani. Ndani ya muda huo unapaswa kudaka, kumsoma beki, kuamua, kisha kutenda. Mwaka 1952 mwanasaikolojia Mwingereza W. E. Hick alionyesha kwamba kadiri machaguo yanavyoongezeka, ndivyo mtu anavyochelewa kuitikia. Mtupaji aliye peke yake uwanjani hana beki wa kumsoma wala la kuamua. Amefanya mazoezi ya kazi mbili kati ya nne, na katika mechi anadaiwa zote.

Chukua zoezi moja tulitazame kwa karibu. Beki anasimama chini ya pete akiwa na mpira. Mshambuliaji yuko pembeni, karibu na mstari wa pointi tatu. Beki anampa pasi na papo hapo anamkimbilia. Kuanzia hapo ni mmoja kwa mmoja: mshambuliaji anaruhusiwa kudunda mara mbili tu, na anayeshinda anabaki uwanjani. Sasa tazama miguu ya beki. Amekuja kasi, kwa hiyo hana budi kufunga breki, na mwili hufunga breki kwa kusukuma sakafu kwa mguu uliotangulia. Kwa kitambo hicho karibu uzito wake wote umelalia mguu huo, na hawezi kuunyanyua mpaka kwanza auhamishe uzito. Mshambuliaji akipita upande wa mguu huo, beki analazimika kugeuza nyonga nzima ndipo amfuate, na hapo ameshaachwa. Akiona beki amesimama mbali na mikono iko chini, anatupa.

Mshambuliaji akipita hivyo mara kadhaa, beki naye anabadilika: anafupisha hatua zake za mwisho, anashusha kiuno, anainua mkono mmoja. Jibu lililofaa muda mfupi uliopita halifai tena. Koni ya plastiki iliyowekwa badala ya beki haiwezi kufanya hivyo.

Na kubadilikabadilika huko kuna faida yake ndani ya ubongo. Mwaka 1978 watafiti Kerr na Booth waliwapa watoto wa miaka minane vifuko vya kurusha. Kundi moja lilifanya mazoezi kwa umbali wa futi 3 tu, jingine kwa futi 2 na futi 4. Walipopimwa wote kwa futi 3, waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao hawakuwahi kufanyia mazoezi umbali huo. Anayerudia umbali mmoja anaweza kuikariri nguvu ya mkono. Anayebadilishiwa analazimika kuikadiria upya kila mara, na kukadiria ndiko kunakotakiwa mechini.

Kuhesabu pointi mazoezini nako si jambo la kupita tu. Dean Smith, aliyefundisha kikapu Chuo Kikuu cha North Carolina kuanzia 1961 hadi 1997, aliandikisha matokeo ya mazoezi. Anson Dorrance, aliyekuwa kocha wa soka la wanawake chuoni hapo, aliuona utaratibu huo akajenga juu yake mfumo wa kuwapanga wachezaji wake kwa alama za mazoezini. Ila alama zina hatari: mchezaji hufuata kinacholipa. Kijana anayetaka kushinda atatumia mkono wake wenye nguvu siku zote, na mkono wa kushoto utabaki vilevile mwaka mzima. Basi kikapu cha mkono dhaifu kilipe pointi mbili na cha mkono wa kawaida moja. Na mtoto anayefungwa kila siku na aliyemzidi kwa kila kitu hana anachosoma. Mpe anayelingana naye, na umbadilishie mara kwa mara.

Mtupo huru ni habari nyingine, maana hauna beki na umbali wake haubadiliki. Utafiti wa Keetch na wenzake wa 2005 ulikuta kwamba wachezaji wazoefu hulenga vizuri kwenye mstari wa mtupo huru kuliko ambavyo mtu angetarajia akitazama umbali wa jirani, mbele na nyuma yake. Hapa kurudiarudia kuna haki yake. Hata hivyo mechi haikupi mitupo hamsini mfululizo. Kwa kawaida inakupa miwili, ukiwa unahema. Kwa hiyo wagawe vijana timu mbili: kila mmoja akimbie uwanja kwenda na kurudi, atupe miwili, ampishe mwenzake, na ubao wa pointi uonekane na wote.