Somo la jeografia: Distrikti ya Anand

Wanafunzi wenzangu, leo tuangalie distrikti moja ya India: Anand, katika jimbo la Gujarat. Ilitengwa na Kheda mwaka 1997. Inchi yake iko tambarare, udongo muzuri, na muto Mahi unaelekea ghuba la Khambhat. Watu wanalima tumbako, mupunga na ndizi. Wanafuga ngombe na mbogo wa nyumbani.

Lakini maziwa hayangoji. Zamani muchuuzi ndiye alikata bei, maana mufugaji hakuwa na pa kuyaweka. Mwaka 1946 wafugaji wakakataa kumuuzia, wakaunda koperative yao, Tribhuvandas Patel akiwaongoza. Mwaka 1949 akafika injinia Verghese Kurien. Mwaka 1955 kiwanda chao kikafunguliwa, kikakausha maziwa ya mbogo kuwa unga; maziwa ya ziada hayakupotea tena.

Asubuhi na jioni kila mutu analeta yake kwenye kituo cha mugini, hata litri moja. Wanapima wingi na mafuta, naye analipwa kadiri ya kipimo.

Swali: nani alikata bei mbele ya 1946, na nani kiisha? Ngombe walikuwa ni wale wale. Basi nini iligeuka? Mujibu katika daftari.